Ukifika Kliniki, Taja na Masikio

Leo nazungumza na wewe unayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wewe unayelea mtoto aliyezaliwa na VVU.

Kliniki unapimwa uzito, unaulizwa kikohozi, homa na jasho la usiku. Masikio mara nyingi hayaulizwi. Basi yataje mwenyewe.

Kinga ikishuka, mafua ya mtoto huweza kuishia masikioni na kuleta usaha. Usaha wa muda mrefu huweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu. Mwalimu akamwona mtoto mkaidi, kumbe hasikii. Usimtie mafuta ya moto wala maji ya kitunguu. Sokota kitambaa safi, kausha sikio, kisha mpeleke kituo cha afya. Ukiwa na shaka, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini.

Kwa watu wazima, kaswende na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa kusikia. Sikio likiziba ghafla au likianza kuvuma, usingoje tarehe ya miadi.

Kifua kikuu sugu nacho kilitibiwa miaka mingi kwa sindano kama kanamaisini, ambazo huua chembechembe za kusikia ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini, na sasa wengi hutibiwa kwa vidonge. Ukiandikiwa sindano ya amikasini, omba upimwe usikivu kabla ya kuanza na wakati wote wa tiba.

Wapo pia ambao kipimo huonyesha masikio yao ni mazima, ila penye kelele maneno hawayashiki. Watafiti waliowapima watu wenye VVU Dar es Salaam waliliona hilo. Mtu kama huyo ndiye anayeweza kuitikia “ndiyo, ndiyo” dirishani pa dawa, akafika nyumbani hajui kidonge kipi ni cha jioni. Mtoa huduma, mtazame usoni, kisha mwombe arudie maelekezo kwa maneno yake.

Na tafadhali, usiache dawa za kufubaza kwa kuhofia kwamba zitadhuru masikio. Kinga ikiimarika, magonjwa mengi ya masikio hupungua. Miadi ijayo sema: “Daktari, naomba uniangalie na masikio.” Ni haki yako.