Siku ya Kumwacha Mwajiri: Waokinawa na Wathai katika Uchumi wa Marekani

Tarehe 8 Januari 1900 wanaume 26 kutoka Okinawa walishuka bandarini Honolulu, wakapelekwa kwenye shamba la miwa la Ewa, kisiwani Oahu. Safari yao iliandaliwa na Toyama Kyuzo, mwalimu wa zamani kutoka kijiji cha Kin, ambaye alikuwa amebishana muda mrefu na gavana wa mkoa kabla ya kupata kibali. Shambani kila mmoja alipewa kipande cha chuma chenye namba, akivae shingoni au kiunoni. Kipande hicho kiliitwa bango. Msimamizi hakuhitaji kujua jina la mtu. Namba ndiyo iliyokatiwa mshahara na namba ndiyo iliyodaiwa dukani. Wazee wa Tanga na Morogoro waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge hawahitaji maelezo zaidi, kwani wao wenyewe waliitwa manamba kwa sababu ileile.

Miaka mia moja na ushei baadaye, mnamo 2011, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini ilifungua kesi kwa niaba ya mamia ya wakulima kutoka Thailand walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya Hawaii na jimbo la Washington. Nao waliletwa na wakala, nao waliahidiwa mshahara mnono. Wengi wao walikuwa wameweka rehani mashamba ya familia ili kulipa ada ya maelfu ya dola. Walipofika walinyang'anywa pasi za kusafiria.

Visiwa ni vilevile na jembe ni lilelile. Hata hivyo, wajukuu na vitukuu wa wale wa kwanza leo ni madaktari, wakandarasi na wenye mahoteli. David Ige, aliyekuwa gavana wa Hawaii kuanzia 2014 hadi 2022, ni wa ukoo wa Okinawa. Jamii ya Wathai wa Marekani kwa upande wake ina wahitimu wengi wa vyuo vikuu, lakini wastani wa kipato cha kaya zake uko chini ya wastani wa Waasia wote nchini humo. Swali la mhadhara huu ni kwa nini.

Jibu linalopendwa sana ni la utamaduni: Waokinawa ni wachapakazi, wanashikamana, wanajua kuweka akiba. Hayo yote ni kweli, na hayatoshi. Nyumbani kwao, Okinawa ndio mkoa wenye kipato kidogo zaidi kwa kila mtu katika Japani nzima. Waokinawa waliokwenda Bolivia mwaka 1954, wakiwa na mshikamano uleule, walipigwa na ugonjwa usiojulikana katika makazi yao ya kwanza. Watu 15 walikufa, na ikawabidi walionusurika kuhamahama hadi wakapata ardhi ya kukaa. Kama utamaduni ungekuwa mtaji peke yake, ungezaa popote ulipopandwa.

Yafaa basi kutazama sheria na tarehe. Wanaume wale 26 waliingia Hawaii wakiwa na mikataba ya kazi, na kuvunja mkataba lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Lakini Marekani ilikuwa imekwishavitwaa visiwa hivyo mwaka 1898, na tarehe 14 Juni 1900 sheria mpya ya kuvitawala ikaanza kutumika. Mikataba ile ikawa karatasi tupu. Miezi mitano tu baada ya kushuka melini, mtu wa Ewa angeweza kutupa panga la miwa, akafunga furushi lake la nguo na kwenda zake.

Maisha hayakuwa rahisi kwa hilo. Mwaka 1909 wafanyakazi wa Kijapani, Waokinawa wakiwamo, walilipwa dola 18 kwa mwezi, huku Mreno aliyefanya kazi ileile akipata dola 22.50, na mgomo mkubwa wa mwaka huo ulizaliwa hapo. Mwaka 1920 ujira ulikuwa senti 77 kwa siku ya saa kumi. Wajapani wa visiwa vikuu waliwadharau Waokinawa kwa lafudhi yao, kwa michoro ya mikononi ya wanawake wao, na zaidi ya yote kwa nguruwe. Okinawa ilikuwa nchi ya nguruwe. Kwa Wajapani wengi wa enzi zile, kumfuga na kumchinja mnyama yule ilikuwa kazi ya watu duni, na watoto wa Waokinawa walizomewa kwa hilo shuleni.

Ni nguruwe huyohuyo aliyewatoa shambani. Mtu aliyechoka na miwa alihitaji kipande kidogo cha ardhi ya kukodi, mara nyingi bondeni mahali ambapo hapakuwafaa wengine, na majike mawili matatu. Chakula cha mifugo hakikununuliwa. Mfugaji alizunguka mitaani na mapipa, nyumba hadi nyumba, akikusanya makombo ya jikoni: maganda ya viazi, wali uliolala, vichwa vya samaki. Jioni makombo yale yalichemshwa katika sufuria kubwa kwa kuni, familia nzima ikikoroga, na harufu ikawafuata watoto hadi darasani. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Hawaii mwaka 1941, kambi za jeshi zilifurika askari, na majiko ya jeshi yalimwaga makombo kuliko mtaa wowote. Dharau ya jana ikageuka kuwa biashara.

Fedha za kuanzia zilitoka wapi? Benki hazikumkopesha mtu wa aina hiyo. Hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kujibu kabla hajaambiwa: upatu. Waokinawa wanauita moai, Wajapani wengine tanomoshi. Tuseme watu ishirini wanatoa dola kumi kila mmoja kwa mwezi. Mwezi huu dola mia mbili zinakwenda kwa yule, mwezi ujao kwa huyu, mpaka mzunguko ukamilike. Mwenye haraka huongeza kitu juu ili atangulie kupokea. Hakuna fomu wala dhamana ya nyumba. Dhamana ni mama yake mtu, anayeishi mlango wa tatu kutoka kwa mama wa mwanachama mwingine, kijijini kule kule walikotoka wote. Atakayekimbia na fedha za wenzake Honolulu, aibu itafika Okinawa kabla ya yeye kufika kituo kinachofuata.

Ndiyo maana vyama vya Waokinawa wa Hawaii vilipangwa kwa vijiji. Watu wa Oroku walikuwa na chao, watu wa Kin na chao. Oroku ndio waliotamba jikoni: kijana alianza kuosha vyombo katika mkahawa wa mtu wa kwao, akapanda kuwa mpishi, akacheza upatu, akafungua wake, akamwajiri kijana mwingine wa kwao aoshe vyombo. Majina mengi ya mikahawa maarufu ya Hawaii yana asili ya Okinawa. Highway Inn ilifunguliwa na Seiichi Toguchi mwaka 1947, Rainbow Drive-In na Seiju Ifuku mwaka 1961, na Zippy's na ndugu wawili wa ukoo wa Higa mwaka 1966. Cha kuvutia ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuza chakula cha Okinawa kama bidhaa yake kuu. Toguchi alipika chakula cha wenyeji wa Hawaii; wengine waliuza wali, nyama na mchuzi mzito kwa mfanyakazi yeyote mwenye njaa. Walisoma soko, wakaacha vyungu vya bibi nyumbani.

Uwezo huo ulipimwa mara moja kwa namna isiyosahaulika. Vita vya 1945 viliiteketeza Okinawa pamoja na karibu mifugo yake yote. Waokinawa wa Hawaii walichanga fedha, wakanunua nguruwe 550 nchini Marekani, na wanaume saba wakapanda nao meli kutoka Portland, Oregon, mwaka 1948. Bahari ilichafuka, mabanda yakavunjika juu ya sitaha, baadhi ya wanyama wakafa, lakini wengi sana walifika Septemba mwaka huo na kugawiwa vijijini. Watoto waliozomewa kwa ajili ya nguruwe walikuwa sasa ni watu wazima wanaotuma nguruwe kwa meli.

Wathai hawakuja kwa meli wala kwa kijiji. Walikuja kwa ndege, mmoja mmoja, baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 kufungua mlango uliokuwa umebanwa sana kwa Waasia kwa miongo mingi. Wa kwanza walikuwa wanafunzi, wauguzi na madaktari. Wakati huohuo Vita vya Vietnam viliijaza Thailand kambi za ndege za Marekani, Udorn, Korat, U-Tapao na kwingineko, na wanawake wengi wakaolewa na askari na kufuata waume zao hadi miji midogo ambako hapakuwa na Mthai mwingine hata mmoja. Huyu alitoka katika familia ya Bangkok yenye uwezo, yule alitoka kijiji cha kaskazini mashariki chenye ukame, na wangekutana wapi ili wacheze upatu?

Kwa sababu Wathai pia wanao upatu, na jina lake linachekesha kidogo kwa sikio letu. Wao husema len chae. Len maana yake ni kucheza. Chae wameitohoa kutoka Kiingereza, ikiwa na maana ya hisa. Wanacheza, kama vile mama wa Kariakoo anavyocheza mchezo. Lakini mchezo wa watu waliofahamiana juzi, waliotoka mikoa tofauti, hauna mama wa mlango wa tatu. Serikali ya Thailand yenyewe ililazimika kuutungia sheria mwaka 1991.

Mahali pa kukutania palipatikana Los Angeles. Mwaka 1971 Pramorte Tilakamonkul alifungua Bangkok Market, duka lililoelezwa kuwa la kwanza la vyakula vya Kithai nchini humo, ambako mtu angeweza kupata mchaichai, sosi ya samaki na pilipili za kwao. Bila duka lile mikahawa isingewezekana. Hekalu la Wat Thai lilifunguliwa mwaka 1979, na kwa miaka mingi vibanda vya chakula uwanjani pake mwishoni mwa wiki vilikuwa shule ya biashara kwa mama aliyekuwa na jiko moja na kipaji. Mwaka 1999 jiji likaitambua rasmi sehemu ya Hollywood Boulevard kuwa Thai Town, ya kwanza nchini Marekani.

Kisha likatokea jambo ambalo Waokinawa hawakulipata kamwe: serikali ya nyumbani ikawa mfadhili. Tangu 2002 Thailand iliendesha mpango wa kuongeza mikahawa ya Kithai duniani, kwa mikopo, mafunzo ya wapishi na cheti cha ubora. Mhamiaji wa Kithai aliambiwa auze Uthai wenyewe, kwa jina lake na picha ya tembo ukutani. Ni faida, na ni kamba pia. Mkahawa wa Kithai katika mji wa Marekani unashindana na mkahawa mwingine wa Kithai mtaa wa pili, kwa sahani zilezile na bei ileile, wakati Zippy's iliuzia kisiwa kizima.

Hata hivyo, wenye mikahawa ni nusu ya hadithi. Tarehe 2 Agosti 1995 maofisa walivamia jengo la nyumba za kupanga huko El Monte, karibu na Los Angeles, wakakuta Wathai 72 wakishona nguo nyuma ya uzio wa seng'enge. Baadhi yao walikuwa ndani kwa miaka kadhaa. Walikula, wakalala na kufanya kazi humohumo, wakinunua sabuni na chakula kwa bei ya watekaji wao, na deni la nauli halikupungua. Kilichofuata kinastahili sifa: kituo cha maendeleo cha Wathai kilichoanzishwa mwaka 1994 kiliwasimamia, kampuni zilizouza nguo zile zikalipa zaidi ya dola milioni 4, na kesi yao ikachangia kupatikana kwa sheria ya 2000 inayowapa kibali cha kukaa watu waliosafirishwa kwa hila.

Ukiweka El Monte na kesi ya mashamba ya Hawaii kando ya Ewa, tofauti iliyo kubwa kuliko zote inaonekana. Mtu wa Okinawa aliweza kumwacha mwajiri wake. Akiba, upatu, nguruwe na mkahawa vyote vilianza siku hiyo, wala havikuweza kuanza kabla yake. Wathai waliopata siku hiyo mapema, wauguzi na wanafunzi wenye karatasi zao, nao walifungua maduka na kusomesha watoto. Waliochelewa kuipata, au wasioipata, ndio wanaovuta wastani chini.

Wastani wenyewe, tukiwa hapo, una kasoro zake. Waokinawa wa Marekani wana vizazi vinne au vitano; kuwalinganisha na watu ambao wengi wao walizaliwa ng'ambo ni kupima mnazi uliokwisha kuzaa kwa mche wa juzi. Isitoshe, sensa haina kisanduku cha Okinawa. Mtu huhesabiwa Mjapani asipojiandikia mwenyewe, na waliojiandikia katika sensa ya 2000 walikuwa elfu kumi na ushei nchini kote, wakati vyama vyao huhesabu makumi ya maelfu Hawaii pekee. Mtafiti anayechukua jedwali na kutangaza mshindi hajalinganisha jamii mbili; amelinganisha majina mawili ya visanduku.

Visa ya kazi za shambani waliyoingia nayo Wathai wa kesi ya 2011 ingali inatumika. Mfanyakazi huletwa kwa ajili ya mwajiri aliyemwombea, na ili ahamie kwa mwingine, mwajiri huyo mpya lazima awasilishe maombi serikalini kwanza. Kuanzia tarehe 14 Juni 1900, wale watu 26 wa Ewa hawakuhitaji fomu ya mtu yeyote ili kuondoka.