Mashini zetu za okazio

Bandugu, ordinatere nyingi tunazonunua hapa Lubumbashi ni za okazio, zimetoka Ulaya. Betri yake iko na kobalti, pengine ya hapa kwetu Katanga. Imeenda mawe, imerudi imechoka, na aliyeitengeneza anasema haijui tena.

Mu 2014 HP ilisema programu za ndani za seva zake za ProLiant zitapewa tu wenye garanti ao kontra. Mu 2019 Intel ikaondoa BIOS za kadi mama zake za zamani kwenye intaneti. Zilipona zile watu walizokuwa wamekopi mbele.

Basi ukiona faili ya mashini yako leo, ikopi leo kwenye fleshi, na uandike numero kamili ya kadi mama. Faili ya modeli "inayofanana" inaweza kuiua. Na usianze kama betri haijajaa! Mimi umeme ulikatika katikati. Ekra iko nyeusi mpaka leo.

Kwa watengenezaji tunasema: kama mumechoka kuitunza mashini, muache faili zake wazi, bila kontra.

Jumamosi mulete fleshi zenu. Tuanze na za mashini tulizo nazo mikononi.