Ngoma ya Kiongozi na Kengele ya Pembe: Mrejesho wa Mwili katika Kurekebisha Mwendo

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe kabla ya kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa kazi ya miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh ya Unyanyembe, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliueleza msafara ukiwa njiani: mbele kiongozi na bendera, nyuma yake mpiga ngoma, kisha wabeba pembe za ndovu, na kwenye ncha ya pembe imefungwa kengele ya ng’ombe inayolia kadiri mbebaji anavyokwenda. Hakuna anayedai kwamba kengele ile ilifungwa ili kumfunza mtu kutembea. Yaelekea yalikuwa madaha ya wabeba pembe. Lakini sauti hizo mbili si za namna moja. Ngoma humwambia mtu wakati wa kukanyaga. Kengele humwambia alivyokanyaga. Ya kwanza ni amri itokayo nje; ya pili ni habari ya mwili wake mwenyewe inayomrudia masikioni. Ninachodai hapa ni kwamba mrejesho wa mwili, ambao wataalamu huutumia kurekebisha mwendo wa wagonjwa na wakimbiaji, ni wa aina ya kengele, kwamba nguvu yake iko katika habari inayomrudia mtu kuliko katika chombo kinachoirudisha, na kwamba habari hiyo haimfai mtu mpaka ipangiwe siku ya kunyamaza.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa wakimbiaji. Mwaka 2011 Crowell na Davis, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio la wakimbiaji 10 ambao miguu yao ilipokea mshindo mkubwa kila ilipotua. Kila mmoja alifungwa kihisi kwenye muundi, akawekwa juu ya mashine ya kukimbilia, mbele yake kioo kikimwonyesha mshindo wa kila hatua. Hakuambiwa apinde goti au atue kwa sehemu gani ya unyayo. Aliambiwa akimbie kwa utulivu na kuushusha mshindo aliouona kiooni. Baada ya vipindi 8 katika majuma mawili, mshindo ulipungua kwa karibu nusu, na mwezi mmoja baadaye ulikuwa bado chini. Habari moja tu, iliyofika papo kwa papo, ilitosha kuufanya mwili utafute njia yake wenyewe.

Jambo linalosahaulika katika jaribio hilo ni kwamba katika vipindi vya mwisho kioo kilianza kuzimwa, kidogo kidogo. Sababu yake ilikwisha kuelezwa na watafiti wa mafunzo ya viungo. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt walionyesha kwamba waliopewa mrejesho katika nusu tu ya majaribio yao walihifadhi ujuzi vizuri zaidi kuliko waliopewa kila mara. Anayesomewa kila hatua huiegemea sauti kama mkongojo, na mkongojo ukiondolewa hujikuta hajajifunza kusikiliza mguu wake. Kwa hiyo mtaalamu anayenunua kifaa bila kupanga siku ya kukizima amenunua nusu ya tiba.

Wapo watakaosema kwamba ngoma nayo inatibu, na ni kweli. Mwaka 1997 Thaut na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi waliofanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko waliofanya mazoezi ya kawaida. Siwapingi. Mwenye kiharusi ambaye hatua zake zimepotezana anahitaji kwanza kitu cha kushika. Kosa ni kuishia hapo, kwa sababu mdundo haujui kama aliyeufuata ameburuta mguu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: tunarekebisha kuelekea mwendo upi? Hatala na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapima watu 38 wa kabila la Daasanach, kaskazini mwa Kenya, waliozoea kwenda pekupeku. Kwa kasi waliyoichagua wenyewe kwa mbio ndefu, asilimia 72 walitua kwa kisigino, kinyume na picha iliyoenea ya Mwafrika pekupeku anayetua kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Tena huko Hong Kong, katika jaribio la wakimbiaji wapya 320 lililochapishwa mwaka 2018, waliofunzwa kutua kwa utulivu walipata majeraha pungufu kwa asilimia 62 ndani ya mwaka, ila matatizo ya kigimbi na kano ya kisigino yaliongezeka kwao. Mzigo ulioondolewa mahali pamoja ulishukia kwingine. Wabeba mizigo wanalijua hilo: ukihamisha mzigo toka bega hili hadi lile, hujautua. Haya hayaubomoi mrejesho. Yanamkataza mtaalamu kuwa na mwendo mmoja kichwani anaotaka kila mtu auige, na yanamtaka achague kipimo kimoja kinacholingana na maumivu ya huyu aliye mbele yake.

Na gharama? Hospitali kama Kitete mjini Tabora au Nkinga kule Igunga haihitaji kusubiri kioo na vihisi ili ijaribu wazo hili. Njuga mbili zenye sauti tofauti, moja kwa kila kifundo cha mguu, zitamfanya anayechechemea asikie kuchechemea kwake bila kuambiwa na mtu. Njuga haitoi namba, na udhaifu huo ni wa kweli. Namba zitoke kwenye mita 10 zilizochorwa sakafuni na saa ya kuhesabu sekunde, kabla na baada ya kila juma. Juma la kwanza njuga zilie muda wote wa zoezi. La pili, zivaliwe mzunguko mmoja wa zoezi na kuvuliwa katika unaofuata. La tatu, mgonjwa aende kimya, kisha aulizwe ni mguu upi uliochelewa, na jibu lake lilinganishwe na alichokiona mtaalamu.