Tulichokiweka Ndani ya CD

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani



Niliombwa nizungumze juu ya jambo la sayansi lenye faida kwa chama chetu. Nimechagua CD, kwa sababu picha za mahafali, orodha za madarasa na sauti za walimu wetu waliotangulia mbele ya haki ziliwekwa humo miaka ya 2000, na mpaka leo zimo kabatini.

CD ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, ikiwa ni kazi ya pamoja ya kampuni za Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Ni kisahani cha plastiki ngumu, upana wake sentimita 12 na unene milimita 1.2. Kina mstari mmoja tu, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka hadi ukingoni. Mstari wa CD iliyojaa ukinyooshwa hupita kilomita 5. Juu yake mna vishimo vidogo mno, upana wake kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Leza humulika mstari huo: penye uwanda nuru hurudi kwa nguvu, penye kishimo hurudi dhaifu. Kila kishimo kinapoanza au kinapokoma, mashine huhesabu 1. Kwingine kote ni 0. Kwa tarakimu hizo mbili huandikwa muziki, picha na barua.

Wanafunzi watauliza: vishimo hivyo huchimbwaje? Kiwandani huanza na kioo kilichopakwa dawa inayobadilika kwa mwanga. Leza huandika juu ya dawa hiyo, kioo huoshwa, vishimo vikabaki. Kisha hupakwa madini na kutiwa katika maji ya nikeli yenye umeme, hata likajengeka bamba. Kutokana na bamba hilo hupatikana mihuri. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa juu ya muhuri, na baada ya sekunde chache hutoka kisahani chenye vishimo vyote. Mwisho hupakwa utando wa alumini, halafu vanishi na maandishi. Ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa maandishi hudhuru zaidi: alumini iko hapo hapo chini ya vanishi.

Lakini ndugu zangu, CD zetu si za kiwandani. Zilichomwa kwa kompyuta. CD ya kuchoma hutumia rangi, ambayo leza huiunguza ili alama zake zionekane kama vishimo mbele ya mashine. Rangi hiyo hupauka kwa jua na joto, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Ubaya ni kwamba haitoi dalili. Hesabu iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960 huiwezesha mashine kujaza yaliyopotea, nasi tusione kasoro. Makosa yakizidi kipimo, kisahani kilichofunguka jana leo hakifunguki. Katika ofisi moja niliyopata kutumikia, kumbukumbu za watumishi zilipotea hivyo, na wazee waliostaafu wakahangaika kuthibitisha miaka yao ya kazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwenye CD ya shule ailete, hata kama bado inafunguka. Pili, wanafunzi wa kompyuta wanakili yaliyomo mahali pawili tofauti, maana kompyuta nyingi mpya hazina tena mlango wa CD. Tatu, sisi wakubwa tukae nao na kuwatajia majina ya waliomo pichani. Nakala bila majina itawafaa nini watakaokuja?