Mtetemo wa Mashine, Mtetemo wa Bodaboda

Siku hizi ukifungua simu hukosi tangazo la ubao wa umeme unaotetema: panda, simama dakika kumi, kitambi kiishe. Hata huku Dongobesh wapo wanaoulizia bei. Nawaomba msitoe hela kwanza.

Kwamba mtetemo huamsha msuli ni kweli. Mwaka 1966, watafiti wawili wa Sweden, Karl-Erik Hagbarth na Göran Eklund, walionyesha kuwa ukitetemesha msuli au kano yake, msuli hujikaza wenyewe. Mashine za mazoezi hutegemea jambo hilo, nyingi zikitetema mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Ila ukisimama wima, miguu ndiyo inayopokea kishindo na kukizima. Tumboni hufika kidogo. Anayetaka tumbo lifanye kazi hana budi aweke viwiko juu ya ubao, anyooshe mwili, akaze tumbo mwenyewe. Hapo mtetemo huongezea kidogo kazi ambayo tayari anaifanya. Mafuta ya kitambi hayaishi kwa kutikiswa.

Mimi kinachoniumiza ni mtetemo tulio nao tayari. Mtazame kijana wa bodaboda aliyepakia gunia la vitunguu, akipita njia ya changarawe iliyofanya mikunjo kama bati. Mgongo umepinda, mikono imebana usukani, tumbo limelegea. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtetemo wa taratibu, mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na pikipiki au trekta kwenye njia mbaya hutoa mwingi wa namna hiyo. Tena si wa dakika chache kama mazoezini, ni wa kutwa. Misuli ya tumbo na mgongo ikishachoka huchelewa kukaza, na kishindo cha shimo linalofuata huzishukia pingili zenyewe. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2002, mtetemo anaoupata mfanyakazi upimwe na uwekewe kikomo. Kijana wetu nani anampimia? Jioni anameza dawa ya maumivu, asubuhi anawasha tena. Na mama mjamzito anabebwa kwenye kiti hichohicho kwenda kliniki.

Basi hela ya ubao iache mfukoni. Tandika mkeka, lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke, kaza tumbo huku unapumua. Sekunde 20, pumzika, rudia. Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye ngiri waulize kwanza kituo cha afya. Dereva, shuka mara kwa mara, simama, nyoosha mgongo kabla ya abiria mwingine. Na ninyi TARURA, wenye dhamana ya barabara za vijijini, mnapopanga greda lianzie wapi, anzeni na njia zenye bodaboda nyingi.