Mshale Unaopiga Mluzi

Leo tuongee juu ya mshale unaolia. Mafundi huchonga kichwa cha mfupa, pembe ao mti, wanakichimba ndani na kukitoboa matundu. Mshale ukiruka, upepo unaingia katika matundu na kupiga mluzi.

Mwandishi wa historia wa China, Sima Qian, anasimulia habari za Modu, mtoto wa mfalme wa Waxiongnu. Modu aliwaamuru askari wake wapige popote mshale wake unapolia, asiyepiga atauawa. Akapiga farasi wake mwenyewe. Waliositasita aliwaua. Akapiga mke wake. Tena waliositasita aliwaua. Mwaka 209 mbele ya Kristo, mluzi ulielekea kwa baba yake, Touman. Askari wote walipiga. Hakuna aliyeuliza.

Wewe kijana, mluzi wa leo ni uvumi, ni sauti inayokuambia kwamba jirani yako ni adui. Kabla ya kuvuta upinde, uliza: nani ametupa mshale wa kwanza, na anatafuta nini? Mshale ukishatoka haurudi. Kaeni na amani.