Stata ya Mota Katika Kiwanda cha Pamba



Nimeombwa niseme juu ya usalama viwandani, nami nimechagua kifaa kimoja tu: lile sanduku la ukutani ambalo mfanyakazi hubonyeza kitufe chake, mota ikaanza kunguruma. Mafundi wetu huliita stata.

Mkoa huu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini pamba ilitangulia mkoa kwa miongo mingi. Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega zote huilima. Aliyewahi kuingia katika kiwanda cha kuchambua pamba anaijua hali yake: nyuzi laini huelea hewani kama ukungu, hutua juu ya mabomba na nguo, na hupenya katika kila mwanya.

Sasa tazameni ndani ya stata. Kuna koili ambayo ikipata umeme huwa sumaku, ikavuta vipande vya metali vigusane. Mota ya kawaida inapoanza huweza kuvuta umeme mara 5 hadi 8 ya ule inaoutumia ikishashika mwendo. Vipande hivyo vinapoachana, cheche huruka. Hiyo si kasoro ya kifaa. Ndivyo kinavyofanya kazi. Penye hewa safi cheche hiyo haimdhuru mtu. Penye nyuzi za pamba ni kiberiti.

Wapo wanaodhani kwamba sanduku zito kuliko yote ndilo salama kuliko yote. Sivyo. Masanduku mazito yalibuniwa kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe na mahali penye gesi. Hayazuii gesi kuingia. Huacha mlipuko utokee ndani, kuta zikaustahimili, na moto unaopenya katika maungio membamba ya chuma hupoa kabla haujafika nje. Ni ubunifu wa kusifiwa, lakini adui wa kiwanda cha pamba si gesi. Hapa linatakiwa sanduku lisiloingiza vumbi wala nyuzi, na ambalo uso wake haupati joto la kuunguza nyuzi zilizotua juu yake. Afadhali zaidi stata zote zikae katika chumba chao, mbali na mashine, vikabaki vitufe tu mbele ya mwendeshaji; navyo pia vizibwe, maana navyo hutoa cheche.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, huanza baada ya ununuzi. Msimu ukipamba moto (mniwie radhi kwa msemo huo) malori hupanga foleni na kila mtu ana haraka. Fundi hufungua mfuniko wenye skrubu 8, akarudisha 4, na mpira wa kuziba ukabaki sakafuni. Tangu saa hiyo sanduku la bei kubwa halina tofauti na la bei ndogo. Na moto wa pamba ni mjanja: robota huweza kufukuta ndani kwa siku kadhaa, nje likionekana zima.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mkaguzi uwezo wa kuingia kiwandani. Lakini kuhesabu skrubu hakuhitaji mkaguzi. Ndugu mwalimu, unapofundisha sumaku ya umeme, omba kiwanda kikufungulie stata moja umeme ukiwa umekatwa. Nawe ndugu mtumishi, ukitembezwa kiwandani, simama mbele ya sanduku hilo, na ukikuta limevaa nyuzi, uliza lilisafishwa lini.